Joto limekwama wapi?

Wanangu mnaoshika bisibisi, siku hizi mashine zinazonijia nyingi si zilizoharibika, ni zilizotengenezwa. Mtu ana kompyuta yake ya mezani, pengine mtumba wa ofisi uliotoka Uingereza au Dubai ukashukia Kariakoo, na ilikuwa inafanya kazi. Feni ikaanza kelele, au mwenyewe akaona mahali kwamba kipoza kikubwa ndiyo mpango mzima, akanunua kingine, akafunga mwenyewe au akafungiwa na mmoja wenu. Kuwasha tu, prosesa inagonga nyuzi 95, mara 100. Mashine inakuwa nzito, inajizima. Hapo kijana wa kwanza atasema pesti ni mbovu. Wa pili atasema kipoza ni feki. Wa tatu, mwenye haraka kuliko wote, atasema prosesa imekufa. Na kila mmoja, angalieni sana, ana kitu cha kumuuzia mwenye mashine.

Nawaambia jambo moja na nitalirudia mpaka mchoke: kabla hujanunua, hujafungua, hujalaumu, uliza joto limekwama wapi. Prosesa haianzi kutoa joto zaidi ya jana eti kwa sababu umebadilisha chuma kilichoikalia. Wati ni zilezile, isipokuwa kama umegusa bayosi, nalo nitalifikia. Kilichobadilika ni njia. Joto linatoka kwenye silikoni, linavuka kifuniko cha chuma, linavuka pesti, linaingia kwenye kitako cha kipoza, linapanda mabomba ya shaba hadi kwenye mapezi, feni inalipeperusha, halafu hewa ile ya moto inatoka nje ya kasha. Kituo kimojawapo katika hivyo kimefungwa, na aliyekifunga ni aliyekuwa na bisibisi mara ya mwisho.

Kwanza, jueni namba zenu. Core i5-12400 ya Intel ukomo wake ni nyuzi 100 za Selsiasi. Ryzen 7 5800X ya AMD ukomo wake ni 90. Zikifika hapo haziungui. Zinajipunguzia kasi ili zisiungue, na zikishindwa kabisa zinajizima. Ndiyo maana mteja huja analalamika kuhusu uzito wa mashine kabla hajataja joto. Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 2001 watu wa Tom's Hardware waliondoa kipoza juu ya prosesa huku mashine inafanya kazi, wakarekodi video: Pentium 4 ilipunguza mwendo ikaendelea kuishi, Athlon za wakati ule zikafuka moshi. Wazee wa ufundi walioiona video ile mpaka leo wakisikia harufu kidogo tu wanaruka kuchomoa waya. Nyinyi mmebahatika kuzaliwa kwenye zama za prosesa zenye busara, lakini busara hiyo isiwafanye muiache mashine ichemke siku nzima mkisema itajilinda yenyewe.

Halafu kuna Ryzen za mfululizo wa 7000, zilizotoka 2022. AMD wenyewe walisema zimebuniwa kupanda hadi 95 zikipewa kazi nzito na kukaa palepale, zikitafuta kasi yote inayopatikana ndani ya ukomo huo. Asiyejua hili atabadilisha vipoza hadi mteja afilisike, na namba itabaki 95. Kwenye mashine ya namna hiyo usiulize joto ni ngapi, uliza kasi ni ngapi. Kipoza kikiwa kizuri namba ya joto inaweza isishuke hata kidogo, ila kasi inapanda.

Na msichukue namba za video za Ulaya mkazileta Temeke. Chumba cha yule bwana kina nyuzi 20. Chumba chetu mwezi wa pili, feni ya dari inapuliza hewa ya moto, kina 32. Kipoza cha feni hakiwezi kushusha joto chini ya hewa inayokizunguka. Kinalisogeza kuelekea hewa hiyo, basi. Kwa hiyo 70 yake ni kama 82 yako, na wote mko salama. Wala usilinganishe joto unalolisoma ndani ya bayosi na lile la Windows iliyotulia. Ndani ya bayosi prosesa nyingi hazipumziki kama zinavyopumzika kwenye Windows, hivyo kukuta 50 kule si habari ya kumpigia mtu simu usiku.

Ukishaona kweli joto ni la ugonjwa, chukua saa. Fungua programu ya kusoma joto. HWiNFO ni ya bure na inatosha, Core Temp nayo inatosha. Iache mashine itulie, halafu ipe kazi nzito, Cinebench au nyingine ya aina hiyo. Vijana wengi hapo hukodolea macho namba ya juu kabisa. Wewe tazama inavyopanda. Ikiruka kutoka 45 hadi 98 ndani ya sekunde mbili tatu, joto halijavuka. Kipoza hakijagusa sawasawa, maana chuma kizito kama kile hakiwezi kujaa joto kwa sekunde tatu. Lakini ikipanda polepole, 60, 70, 78, ikachukua dakika tano au kumi kuifikia 90, basi joto limevuka vizuri tu, limejaa kwenye mapezi na halina pa kwenda. Hilo ni la hewa: feni, vumbi, kasha.

Ukimaliza na saa, tumia kidole. Namba ikiwa 95, gusa taratibu bomba la shaba karibu na kitako cha kipoza, ukiwa umekaa mbali na feni inayozunguka. Ukikuta ni baridi au vuguvugu tu, wakati prosesa chini yake inalia, umepata jibu: mguso. Ukikuta ni la moto kiasi kwamba huwezi kuacha kidole, jibu ni hewa. Haya mawili hayakugharimu hata mia, na yanakwambia ufungue wapi. Nimeona vijana wanang'oa kipoza kizima na kupaka pesti upya kwenye mashine ambayo feni yake ilikuwa haizunguki.

Sasa mguso. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mashine iliyotoka kubadilishiwa kipoza, mara nyingi ugonjwa wake uko hapa.

Kuna kijana wa studio ya video za harusi aliyenijia na mashine yake, Core i7 ya kizazi cha nne, kipoza kipya cha mabomba manne, na pesti ya bei aliyokuwa ameshairudia. Kabla ya kufungua nilimuuliza kama aliutoa utando wa plastiki chini ya kitako. Akaapa. Tukafungua skrubu, tukakizungusha kipoza kidogo, tukakiinua. Kitako kilikuwa kinang'aa mno. Nikapitisha ukucha pembeni, ukainuka utando mwembamba, mng'avu, wenye maandishi mekundu ya onyo la kuuondoa kabla ya kufunga, na pesti yote imetandazwa vizuri kabisa juu yake. Kijana hakuwa mwongo. Aliubandua utando wa juu wa boksi akadhani ndio huo. Kwa hiyo msiulize tu, angalieni kwa macho, hata kama aliyefunga ni mwenzako unayemheshimu.

Baada ya utando, tazama mbano. Kipoza cha kawaida cha Intel kina vibonyezo vinne vya plastiki, na watu wengi hawavielewi. Mshale ulio juu ya kila kibonyezo unaonyesha upande wa kufungulia. Kabla ya kufunga, virudishe vyote upande wa kinyume na mshale, kisha bonyeza kwa mshazari: kimoja, halafu kilichokikabili kwa pembe, ndipo hivyo viwili vingine. Utasikia mlio. Lakini mlio peke yake usiuamini. Geuza mazabodi, tazama nyuma. Kila tundu lazima uone ncha nyeupe zimepenya na kutanuka, na kile kijiti cheusi kimeingia katikati yake. Kimoja kikiwa hakijapenya, kipoza kinakaa kama sufuria kwenye mafiga yasiyolingana, upande mmoja umegusa, upande mwingine uko hewani, na viini viwili vya prosesa vitasoma 70 huku vingine vinasoma 95. Ukiona tofauti kubwa namna hiyo kati ya viini, shuku mbano kabla ya kitu kingine.

Vipoza vya skrubu navyo vina fitina zao. Vile vya sokoni vinavyodai kuingia kwenye soketi zote huwa na mikono yenye matundu au mfereji wa kuteleza, na umbali kati ya matundu ya mazabodi si mmoja. LGA 775 ni milimita 72. LGA 1155, 1150, 1151 na 1200 ni 75. LGA 1700, iliyokuja na kizazi cha 12 mwishoni mwa 2021, ni 78, na juu ya hapo prosesa imekaa chini kidogo kuliko zamani. Ukilazimisha mikono ya 75 kwenye 78 inaweza kuingia kwa kupinda, ukajiona shujaa, kumbe kitako kimesimama bila kubana. Kwenye soketi ya AM4 ya AMD angalia bamba la nyuma. Ukifungua mabano ya plastiki ya juu, bamba lile huanguka nyuma ya mazabodi, na kuna anayelirudisha vibaya au analisahau kabisa ndani ya kasha. Na kwenye baadhi ya mashine za ofisini, OptiPlex kwa mfano, skrubu za kipoza cha asili hushika kwenye nguzo za kasha lenyewe, hivyo kipoza cha dukani hakina pa kushika mpaka utafute bamba lake.

Kaza kwa mshazari, kidogo kidogo, mpaka skrubu igote. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho kabla ya mwingine, umeinamisha kitako, na pesti imekimbilia upande mmoja.

Pesti yenyewe inasifiwa kupita kiasi. Kazi yake ni kuziba vinyweleo vya hewa kati ya vyuma viwili, maana hewa iliyotulia hupitisha joto vibaya kuliko pesti kwa zaidi ya mara mia. Lakini hata pesti ya bei mbaya haifiki asilimia tano ya uwezo wa shaba. Maana yake, chuma kiguse chuma kadiri kinavyoweza, na pesti ijaze pale palipobaki. Tone la ukubwa wa punje ya mbaazi katikati linatosha prosesa nyingi za mezani, na kipoza ndicho kitakachoitandaza. Ikizidi kidogo hakuna dhambi, itajikamua pembeni. Ikipungua ndiyo tabu. Vile vipoza vya bei nafuu ambavyo mabomba yenyewe ndiyo kitako, vina mifereji kati ya bomba na bomba. Ijaze kwanza kwa kadi ya plastiki, ndipo uweke tone. Dawa ya meno ni ya meno. Najua inafanya kazi siku ya kwanza. Inakauka, na mteja anarudi.

Kila unapoinua kipoza, soma alama ya pesti kabla hujaifuta. Hiyo ndiyo barua aliyokuandikia aliyekifunga. Safu nyembamba iliyosambaa hadi pembeni, hapo mbano ulikuwa mzuri, usihangaike na mguso tena. Tone limebaki tone, halijabanwa. Nene upande mmoja na karibu tupu upande wa pili, ilikaa kwa kuinama. Kijana anayefuta kwanza na kufikiri baadaye ameichana barua kabla ya kuisoma. Ukishasoma, futa vyote viwili, prosesa na kitako, kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, acha ikauke, kisha paka upya. Usikirudishe kipoza juu ya pesti ya zamani hata kama inaonekana bado mbichi, umeshaingiza hewa.

Na kwenye AM4 na ndugu zake wa zamani, usivute kipoza moja kwa moja juu. Prosesa ile ina pini 1,331 chini yake na soketi haiibani kwa nguvu. Pesti ikikauka, prosesa inang'oka pamoja na kipoza, pini zinapinda. Washa mashine dakika chache ipate joto, zima, chomoa waya, kisha zungusha kipoza kulia na kushoto mpaka kiachie chenyewe.

La hewa ni jepesi zaidi. Feni ya kipoza iwe kwenye pini zilizoandikwa CPU_FAN, si za feni ya kasha, la sivyo mazabodi haijui iongeze kasi lini. Kuna mashine za Dell zenye plagi ya feni ya pini tano, na feni ya dukani ina nne. Usikate waya kwa kubahatisha, tafuta kiunganishi chake. Mashine nyingi za ofisini zikikosa kuisikia feni husimama na kukutaka ubonyeze F1. Kama kila asubuhi mteja anabonyeza F1 na wewe unamwambia ndiyo ilivyo, umemdanganya. Mwelekeo wa feni: hewa hutokea upande wenye vile vijiti vinavyoshika mota. Ukiwa na shaka, sogeza kipande cha karatasi laini uone kinavutwa au kinasukumwa. Feni ya kipoza ikipuliza mbele wakati feni ya nyuma ya kasha inatoa nyuma, zinagombana, na joto linabaki ndani linasikiliza ugomvi. Halafu fungua ubavu wa kasha urudie kipimo. Namba ikishuka nyuzi 10 au zaidi, kipoza hakina kosa. Kasha ndilo linalokosa hewa. Kwa mashine za Dodoma na za barabara za vumbi, piga blowa kwanza, lakini shika mapanga ya feni yasizunguke.

Kama kipoza ni cha maji, sikiliza pampu. Bomba moja likiwa la moto sana na jingine baridi, maji hayatembei. Pampu iunganishwe mahali inapopata umeme kamili muda wote, na sehemu ya juu ya rejeta iwe juu ya pampu, hewa isije ikakaa ndani yake.

Nilisema wati ni zilezile isipokuwa kama umegusa bayosi. Baadhi ya mazabodi, ukiwasha mara ya kwanza au ukifuta mipangilio, hukuuliza umefunga kipoza cha aina gani. Ukichagua cha maji, kwa furaha ya kuwa na kipya, mazabodi inaondoa ukomo wa wati. Ile i5-12400 imeandikwa wati 65 kwa kazi ya kawaida na 117 kwa mbio. Kwenye Core i9-13900K ni 125 na 253. Ukiondoa ukomo, mashine inakula umeme wote inaoupata, na kipoza cha bei ndogo kinageuka mshtakiwa. Rudisha ukomo wa mtengenezaji kabla ya kumhukumu. Na utazame mashine ikiwa haifanyi kitu: kama prosesa iko asilimia 60 na hakuna programu iliyofunguliwa, kuna mgeni. Programu zilizokrakiwa zinazogawanywa kwenye flashi zimebeba wachimbaji wa sarafu za mtandaoni mara nyingi kuliko mnavyodhani, na hakuna pesti itakayowapoza hao.

Fanyeni badiliko moja, pimeni, andikeni. Ukibadilisha pesti, ukageuza feni na kugusa bayosi kwa mkupuo, ikapona, hujui kilichoiponya, na ikirudi utaanza upya. Mkishindwa semeni, kwa mteja na kwa aliyewatangulia kwenye ufundi. Mficha uchi hazai. Kibonyezo kikivunjika mkononi mwako, kinunue chako. Usifunge kwa vitatu ukaombea.

Ikitokea umemaliza yote, utando hakuna, mbano sawa, alama ya pesti nzuri, feni na kasha safi, na bado i7-3770 au i7-4770 inagonga 90 kwa kasi huku kipoza ni vuguvugu, basi kizuizi kiko mahali usipofika. Kuanzia kizazi cha tatu, 2012, Intel waliacha kuchomelea kifuniko kwenye prosesa zao za kawaida za mezani, wakaweka pesti chini yake. Walirudi kuchomelea 2018 kwenye baadhi ya prosesa za kizazi cha tisa. Pesti ile ina zaidi ya miaka kumi sasa. Wapo wanaokifungua kifuniko kwa wembe, na wapo waliokata silikoni wakifanya hivyo. Kwenye mashine ya mtu msijaribu. Ingia bayosi, zima turbo: kasi itashuka kutoka gigahezi 3.9 hadi 3.4, joto litashuka nalo, na kazi nzito itachelewa kidogo. Mweleze mwenye mashine hivyo kwa maneno yake, iandike kwenye risiti, na umlipishe kazi ya mikono tu. Kile kipoza alichokinunua usimwambie hakikuwa cha lazima, mpaka aulize.